Andikeni Mali Kabla ya Kupiga Mhuri

Barua ya wazi kwa wajumbe wa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, Kata ya Kibaoni, na kwa wenzenu wa Usevya, Mbede, Majimoto, Mamba na kata nyingine za Halmashauri ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi



Nawaandikia kuhusu karatasi moja. Ni ile hati mnayoitoa mke na mume wanapofika mbele yenu, mkasikiliza, mkashauri, mkaahirisha na kusikiliza tena, na bado wakawa hawapatani. Kwa lugha ya kanuni inaitwa Fomu Na. 3. Inaweza kujazwa kwa mistari michache tu: majina mawili, chanzo cha ugomvi, kauli kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, sahihi na mhuri. Mistari hiyo yaweza kufungua mlango wa mahakama, lakini haimwambii hakimu chochote kuhusu kile ambacho wawili hao watakigombea zaidi watakapofika kwake: nyumba, shamba, gunia, ng'ombe na madeni. Ombi langu kwenu ni hili. Kila usuluhishi unaposhindikana, kabla ya kupiga mhuri, andikeni orodha ya mali, ya madeni na ya watoto wa ndoa hiyo, kama wanandoa na watu wao walivyoieleza mbele yenu, na muiambatishe na hati. Naamini hakuna hatua nyingine iliyo ndani ya uwezo wenu, isiyohitaji sheria mpya wala bajeti kubwa, itakayowalinda wanandoa wanaoachana kuliko hii. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Nianze na nafasi mliyopewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka baraza kama lenu katika kila kata, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Kifungu cha 101 kinasema mtu haruhusiwi kuomba talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa barazani na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa. Wanaosamehewa sharti hilo ni wachache, wakiwemo aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi, ambaye mwenzake anaishi nje ya nchi, amefungwa kifungo kirefu au ana ugonjwa wa akili usiotibika, na mwenye mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Kifungu cha 106 kinaongeza kwamba maombi ya talaka lazima yafike mahakamani na hati ya baraza ambayo haijapita miezi sita tangu itolewe. Hili si pambo la utaratibu. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, ikiwa katika kikao chake cha Mtwara, ilifuta shauri zima la ndoa lililokwisha kupita mahakama za chini, kwa sababu halikuwa na hati halali ya baraza. Wanandoa wale walikuwa Waislamu na talaka ilikwisha kutamkwa, lakini mahakama ikasema hata talaka hiyo haimwondolei mtu wajibu wa kupita barazani kwanza. Miaka ya kwenda na kurudi, nauli na kazi za shamba zilizolala, vyote vikarudi sifuri kwa kukosekana karatasi moja. Ikiwa karatasi yenu ina uzito wa kuiangusha kesi, basi ina uzito wa kuisaidia pia.

Pili, tuseme ukweli kuhusu mahali tunapoishi. Wapo wanaoona kuzungumzia mgawanyo wa mali ni kuleta Mpimbwe tabia ya mijini. Historia yetu haiungi mkono wazo hilo. Mtafiti Monique Borgerhoff Mulder, aliyefanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa Wapimbwe, alichapisha mwaka 2009 katika jarida la Human Nature uchambuzi wake wa ndoa za hapa. Alichokieleza hakitamshangaza mjumbe yeyote wa baraza hili: ndoa nyingi huanza kwa watu kuhamia pamoja bila sherehe kubwa, huvunjika bila taratibu nyingi, na wanaume kwa wanawake huingia katika ndoa zaidi ya moja katika maisha yao. Kwa hiyo kuachana hapa ni tukio la kawaida la maisha, kama msiba au kuhama, na jamii yenye busara hujiandaa kwa matukio yake ya kawaida. Ongezeni na hili: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 uliiweka Katavi juu ya mikoa yote kwa mimba za umri mdogo, ambapo wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Msichana anayeanza maisha ya unyumba katika umri huo huingia bila akiba, bila shamba lenye jina lake, na mara nyingi bila cheti cha ndoa. Miaka kumi baadaye nyumba ikivunjika, ana jasho lake na watoto wake. Jasho halina stakabadhi.

Sasa tazameni kinachomsubiri mahakamani. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Hakimu anatakiwa aangalie mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Akishayapima hayo, aelekee kwenye mgawanyo ulio sawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea na kutunza nyumba, nazo ni mchango katika kuchuma mali. Uamuzi huo umekuwa nguzo ya mashauri ya ndoa nchini hadi leo. Lakini wengi wanaoutaja husahau nusu yake ya pili: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao aliouomba, kwa sababu mahakama iliridhika kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara ya familia na fedha hizo hazikutumika ipasavyo. Kanuni ilimtambua, ushahidi ukamwangusha. Na katika hukumu za miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani imerudia mara kadhaa kwamba ukubwa wa mchango wa kila mwanandoa ni suala la ushahidi. Anayedai ndiye wa kuthibitisha. Hapo ndipo penye tatizo la watu wetu. Haki wanayo, wanachokosa ni cha kuionyesha.

Chukueni nyumba moja ya kawaida ya hapa kwetu, ya vyumba viwili na sebule, ya matofali ya kuchoma na bati. Mtu akiuliza ilijengwaje, ataambiwa mume alifyatua tofali na alinunua bati. Ni kweli. Lakini udongo wa tofali haukujikanyaga wenyewe. Maji yalitekwa kisimani na kubebwa kichwani, ndoo baada ya ndoo, kwa wiki nzima au mbili, na aliyebeba ni mke. Tanuri lilipowashwa, wafyatuaji na wachomaji walikula, na aliyepika ni yeye. Fedha ya bati ilitoka kwenye mpunga. Mpunga huo ulipandwa, ukapaliliwa na kuwingiwa ndege na watu wawili na watoto wao. Siku ya kununua, aliyepanda gari kwenda dukani Mpanda ni mume, na stakabadhi ikaandikwa jina lake. Miaka minane baadaye stakabadhi ile ipo, imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Ndoo za maji hazipo popote, isipokuwa katika kumbukumbu za majirani. Hakimu aliyeko mbali, anayesikiliza mashauri kadhaa kwa siku moja, ataiona stakabadhi. Majirani hawataonekana, kwa sababu hakuna aliye na nauli ya kuwasafirisha mara tatu, nne, kila shauri linapoahirishwa. Lakini barazani kwenu majirani wapo. Balozi yupo, mshenga yupo, dada wa mume aliyekula ubwabwa wa siku ya kuezeka yupo. Sheria inawaruhusu kuwaita na kuwasikiliza. Ninyi ndio chombo pekee katika safari yote ya talaka kinachokaa kwa umbali wa kutembea kutoka kwenye nyumba inayogombewa.

Mali za hapa, isitoshe, hazikai mahali pamoja zikimsubiri hakimu. Mpunga ukiwa shambani mwezi wa nne ni mali. Ukivunwa na kuwekwa stoo ukingoja bei ni mali. Ukishauzwa usiku kwa mnunuzi aliyekuja na lori, ni maneno. Karanga na alizeti ni hivyo hivyo. Ng'ombe hupelekwa kwa ndugu wa mbali, na kwenye zizi la ndugu ng'ombe hawana jina la mtu. Fedha iliyoko kwenye simu huhama kwa kubonyeza mara tano. Ndiyo maana tarehe ya orodha ni muhimu kuliko hata idadi ya vitu vyake. Orodha iliyoandikwa barazani siku ile ugomvi ungali mbichi inaonyesha kilichokuwapo kabla ya vitu kuanza kutembea. Miezi sita baadaye hakimu akiambiwa hakukuwa na ng'ombe, atauliza: mbona mwezi fulani mbele ya baraza ulikiri sita? Swali hilo moja linaweza kuamua shauri.

Kuhusu nyumba na ardhi, orodha ina kazi ya ziada. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai, na kinampa huyo mwenzake maslahi anayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na imekitaka kijiji kiwe macho mtu anaporudisha hatimiliki yake ya kimila kwa hila ya kumnyang'anya mwanamke. Ulinzi huo ni mzuri, ila unafanya kazi pale tu mtendaji wa kijiji anapojua kuna mgogoro. Nakala ya orodha yenu, yenye nyumba na mashamba yaliyotajwa kwa mipaka, ikifika mezani kwa mtendaji, mnunuzi atakayekuja wiki ijayo kutaka mkataba wa mauziano upigwe mhuri ataulizwa ridhaa ya mke, au ya mume, iko wapi.

Kisha kuna madeni, ambayo watu huyasahau hadi yawagongee mlango. Mkopo wa kikundi cha VICOBA uliochukuliwa na mke kulipia ada ya mtoto, pembejeo za tumbaku zilizokopwa kupitia chama cha msingi kwa jina la mume, deni la dukani, mkopo wa pikipiki: yote haya hukopwa na mmoja na kuliwa na wote. Ndoa ikivunjika, mkopeshaji hamfuati aliyekula, anamfuata aliyesaini. Sheria inasema wazi kwamba madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili yazingatiwe katika mgawanyo. Lakini hakimu hawezi kuzingatia deni ambalo hakuna aliyemtajia. Kitabu cha VICOBA kipo hapa kijijini, na mweka hazina wake ni jirani yenu. Dakika kumi zatosha kulihakiki deni na kuandika lilikopwa lini, kiasi gani na kwa kazi gani. Hili linamlinda mwanamume kama linavyomlinda mwanamke: wapo waume walioachwa na madeni ya tumbaku ya msimu mzima huku mavuno yake yamekwisha kugawanywa.

Na watoto. Orodha iwataje kwa majina na tarehe za kuzaliwa, iseme nani anasoma wapi, nani ana maradhi ya kudumu, na nani anawalisha tangu wazazi watengane. Sheria inadhani, hadi ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na juu ya yote inaweka ustawi wa mtoto mwenyewe. Matunzo ni haki ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hayategemei nani alikosea katika ndoa. Mstari mmoja wa hati unaosema baba amekubali mbele ya baraza kutoa madebe kadhaa ya mahindi na ada kila muhula unaweza kumwokoa mtoto na mwaka mzima wa kungoja amri. Afisa ustawi wa jamii akipewa nakala, ana pa kuanzia.

Najua yapo majibu ya kunipinga, na mengine ni mazito. La kwanza husemwa na wajumbe wenye nia njema kabisa: kazi yetu ni kupatanisha, na tukianza kuhesabu sufuria tutakuwa tumeivunja ndoa kwa mikono yetu. Naliheshimu jibu hili. Ndiyo maana sisemi orodha iandikwe siku ya kwanza. Iandikwe pale tu baraza limekwisha kukiri limeshindwa, dakika chache kabla ya mhuri. Hapo ndoa haivunjwi na kalamu. Kalamu inakuta imekwisha kuvunjika. Isitoshe, mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, mbele ya wazee, kwamba nyumba anayoiita yake ina jasho la mwingine, na kwamba deni analolikimbia litamfuata, hupunguza hasira. Wapo watakaoomba siku saba zaidi za kufikiri. Ukweli kuhusu gharama ya kuachana ni sehemu ya usuluhishi.

La pili ni la mila: shamba ni la ukoo, mwanamke alitolewa mahari, akiondoka huchukua vyombo vyake na khanga zake. Hapa tutenganishe mambo mawili. Ikiwa shamba kweli ni la ukoo, au mume alikuwa nalo kabla ya kuoa, sheria haimnyang'anyi. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mtu. Kinachoingia kwenye mgawanyo ni kile kilichochumwa pamoja, na pia ongezeko kubwa la thamani kwenye mali ya zamani lililotokana na kazi ya mwenzake au ya wote wawili, kama pori lililofyekwa na kung'olewa visiki likawa jaruba. Kwa hiyo orodha nzuri inamlinda mwenye shamba la ukoo, kwa sababu inaandika wazi kwamba hili lilikuwapo na hili liliongezwa. Na mila yenyewe haijawahi kusema kazi ni bure. Anayelima kwa mwenzake hulipwa kibarua, na anayechunga ng'ombe wa mtu hupewa ndama. Itakuwaje mtu pekee anayefanya kazi miaka kumi na kutoka mikono mitupu awe mke? Mahakama inaruhusiwa kuitazama mila. Hairuhusiwi kuigeuza kisingizio. Hata mahari haikuwa bei ya kununua nguvu za mtu maisha yake yote, na mzee yeyote mwenye binti analijua hilo moyoni mwake.

La tatu ni la kisheria: baraza si mahakama, halina mamlaka ya kugawa mali. Ni kweli, na nawaomba msigawe. Yapo mabaraza nchini yaliyovuka mpaka huo, yakaamuru nyumba iende huku na shamba kule, na kazi yao ikatupwa. Lakini kuandika si kugawa. Sheria inawataka mtoe matokeo ya mlichokibaini, na inawaruhusu kuambatisha mapendekezo mnayoona yanafaa. Andikeni vitu, andikeni kila upande umesema nini kuhusu kila kitu, andikeni wapi wamekubaliana na wapi wamebishana. Palipo na ubishi, msiamue. Andikeni "mume anasema alinunua kabla ya ndoa, mke anasema walinunua mwaka wa pili wa ndoa, jirani fulani yupo tayari kueleza". Hakimu atafanya kazi yake, naye atawashukuru kwa kumpunguzia nusu ya njia.

La nne linahusu ndoa zisizo na cheti. Mjumbe atauliza: hawa walihamia pamoja tu, tuandike mali ya ndoa gani? Jibu liko kifungu cha 160. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mke na mume, sheria inawadhania kuwa wameoana, hadi ithibitishwe vinginevyo. Na hata dhana hiyo ikikanushwa, mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na nafuu nyingine kama ilivyo katika ndoa. Kwa hiyo katika nyumba hizi kitu cha kwanza kuandikwa ni tarehe: walianza kuishi pamoja lini, nani alishuhudia, walitambulika vipi. Kwa mazingira ya Mpimbwe huenda mstari huo ndio wenye thamani kuliko yote kwenye karatasi. Na kwa mume mwenye wake wawili au zaidi, kama ilivyo kwa wafugaji wengi waliohamia eneo hili, orodha ionyeshe kila mji ulichuma nini na kila mke aliingia mwaka gani, ili anayeondoka asichukue jasho la anayebaki, wala asiliache lake kwa sababu tu ni wa pili.

La tano ni la usalama na siri. Yapo mashauri ambayo mke anaogopa hata kutaja mali mbele ya mume kwa sababu ya kipigo. Hapo wasikilizeni mmoja mmoja, na msimlazimishe mtu kukaa meza moja na anayemtishia. Sheria yenyewe inatambua kuna mazingira ya pekee ambayo usuluhishi haufai. Orodha isibandikwe ukutani wala isisomwe sokoni. Nakala zake ziende kwa wanandoa wawili, moja ibaki kwenye jalada la baraza, na pale penye nyumba au ardhi, mtendaji wa kijiji apewe sehemu inayohusu ardhi peke yake.

La mwisho ni la kibinadamu, nalo nalielewa. Mtasema: tunajitolea, posho haipo, hata karatasi tunanunua wenyewe, nani atakaa kuandika kurasa? Nasema, ni ukurasa mmoja. Juu, majina, aina ya ndoa na tarehe ya kuanza kuishi pamoja. Kisha nyumba na viwanja, mashamba kwa ekari na mipaka, na kilichomo shambani siku hiyo, mavuno yaliyoko stoo kwa gunia, mifugo kwa idadi na mahali ilipo, vyombo vya kazi, kuanzia plau na baiskeli hadi pikipiki na sola, fedha za benki, za simu na hisa za VICOBA, madeni, watoto. Mbele ya kila kitu, mwaka kilipopatikana na kila mmoja alifanya nini kukipata. Chini, sahihi au dole gumba la kila mmoja, na kwa anayekataa kusaini iandikwe kwamba amekataa. Mwenye kalamu nzuri miongoni mwenu ataumaliza kabla chai haijapoa. Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ninayemwomba aisome barua hii pia, gharama ni kuuchapa ukurasa huo na kuusambaza katika kata zake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya jamii. Siku moja ya mafunzo nao, na kila karani wa baraza atajua kuutumia.

Waheshimiwa wajumbe, mahakimu watakuja na kuhamishwa, wanasheria watabaki Mpanda na Sumbawanga, na vitabu vya sheria vitaendelea kusema mgawanyo uelekee kwenye usawa. Usawa huo haufiki Kibaoni kwa miguu yake. Unafika pale mtu mmoja aliyeyaona maji yakibebwa anapokubali kuandika kwamba yalibebwa, na nani aliyabeba. Mtu huyo, katika kata hii, ni mjumbe wa baraza. Shauri lijalo litakapowafikia na mkaona kweli mmeshindwa kuwapatanisha, naomba mhuri ukae kwanza juu ya meza. Ulizeni nyumba ilijengwa mwaka gani, na nani alipika siku ya kuezeka. Andikeni jibu. Kisha pigeni mhuri.

Wenu katika kuitakia heri jamii yetu,

Mwandishi wa barua hii